Nani Alikupaulia Nyumba?

Leo nimeingia studioni na msumari mfukoni. Nautoa, naugonga hapa mezani. Umeusikia. Ni msumari wa bati, ule wenye kofia pana kama mwavuli, urefu wake inchi mbili na nusu. Umenyooka, utadhani umetoka dukani leo asubuhi. Niliuokota uani kwa mama yangu mdogo, Kibaha, siku moja ya masika, baada ya upepo wa usiku kulibeba paa la upande wa jikoni na kulitua kwenye mihogo ya jirani.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele. Lakini nilipoushika ule msumari niliona jambo ambalo halijanitoka moyoni. Msumari ulioshikwa vizuri na mbao hautoki hivi. Upepo ukiuvuta, shingo hupinda, au bati huchanika na kuuacha msumari pale pale kwenye mbao. Huu haukupinda hata kidogo. Ulitoka kama kijiti kinavyotoka kwenye uji.

Nikapanda ngazi kuangalia papi, zile mbao zinazolaliwa na mabati. Matundu ya misumari yalikuwa mapana, ukitia kijiti kinacheza. Mbao zilipigiliwa zikiwa mbichi. Zilipokauka zilisinyaa, matundu yakalegea, na tangu siku hiyo mabati ya jikoni kwa mama mdogo yalikuwa yamewekwa tu juu ya nyumba. Hayakufungwa. Yalikuwa yanasubiri upepo.

Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, hebu mtafute yule fundi." Nikamuuliza, jina lake nani? Akanyamaza kidogo. Walikuwa wakimwita fundi. Namba yake ya simu haipatikani. Aliletwa na kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, na huyo kijana naye alishahama. Fedha alilipwa mkononi, karatasi hakuna. Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu. Nyumba ile ni akiba yake ya miaka kumi na moja, tofali kwa tofali. Na mtu aliyeweka kilicho juu ya vichwa vya wajukuu zake, hakuna hata mmoja kati yetu anayemjua jina la pili.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu usajili wa watu wanaopaua nyumba zetu: mkono wa serikali unafika wapi, na unaishia wapi.

Tusianze kwa kusema sheria haipo, maana ipo, tena ya siku nyingi. Tanzania ilitunga sheria ya kusajili makandarasi wa majengo tangu mwaka 1972, wakati huo wakiwa chini ya bodi moja na wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Mwaka 1997, kwa Sheria Namba 17, makandarasi wakapata bodi yao wenyewe, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile tunayoiita CRB. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba. La kwanza ndilo la juu, la saba ndilo la wanaoanza, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi inayoruhusiwa kuchukua. Wapo pia makandarasi maalumu, wale wanaofanya aina moja ya kazi. Bodi ina uwezo wa kukagua maeneo ya ujenzi, kusimamisha kazi, na kumfuta mtu kwenye daftari. Ukipita mahali panapojengwa jengo kubwa utaona bango limesimama: mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi. Majina yote yako pale, barabarani, mchana kweupe.

Kwa wenzetu Kenya, Sheria Namba 41 ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Wao wana madaraja manane, NCA 1 hadi NCA 8. Lakini wakaongeza jambo moja ambalo nawapongeza kwa dhati: mamlaka yao imepewa kazi ya kuwatambua pia mafundi wenyewe, na wasimamizi wa eneo la kazi, mmoja mmoja. Walielewa kwamba kampuni haipandi ngazi, anayepanda ngazi ni mtu.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Daftari linajua kampuni. Paa linajua fundi. Hawa wawili mara nyingi hawajuani. Hata pale mkandarasi aliyesajiliwa anapopewa kazi ya shule au zahanati, siku ya kupaua huja kikundi cha mafundi kutoka mtaani, fundi mmoja na saidia fundi watatu, wanapatana bei ya jumla, wanamaliza kwa siku nne, wanaondoka. Na kwenye nyumba zetu za kawaida, za Kibaha, Chanika, Buswelu, Uyole, hata huyo mkandarasi hayupo. Ni wewe, fundi, na maneno ya mdomoni.

Nieleze kidogo upepo unavyofanya kazi, kwa sababu nimegundua wengi tunaamini paa hulemewa na upepo kwa juu, kama mtu anavyolemewa na mzigo. Sivyo. Upepo ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu. Wakati huo huo, ukipata nafasi kwenye upenu, au dirisha likifunguka, unaingia ndani na kusukuma kutoka chini. Paa linavutwa na kusukumwa kuelekea upande mmoja, mbinguni. Na nguvu hiyo haigawanyiki sawasawa. Inakuwa kali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe, na kileleni pale kwenye kofia. Ndiyo maana ukitazama paa lililoezuliwa, karibu kila mara lilianzia pembeni. Bati moja la ukingoni likinyanyuka, upepo umepata mlango, na mengine yanafuata kama kurasa za kitabu.

Kwa hiyo kinachokuokoa ni mnyororo. Bati linashikwa na msumari, msumari unashikwa na papi, papi inashikwa na kenchi, kenchi inafungwa ukutani kwa ukanda wa chuma au nondo iliyoachwa kwenye lenta, na ukuta unashikwa na msingi. Ukatike pingili moja, zilizobaki hazina kazi. Unaweza kununua bati nene la geji 28 badala ya jembamba la geji 32, ukajivunia kwa majirani, na usiku mmoja bati lako zima, halina hata mkwaruzo, likapatikana kwenye mihogo ya watu. Tatizo halikuwa bati.

Na kila pingili ya mnyororo huo imefichwa. Ukuta mbaya utauona: umepinda, una nyufa. Sakafu mbaya utaikanyaga. Paa baya linafunikwa na dari. Ukishapiga jipsamu yako nyeupe ukaweka na taa zake, hakuna atakayejua tena kama kenchi imefungwa au imeegeshwa. Mwenye nyumba hajui, mpangaji hajui, anayekuja kuinunua miaka kumi baadaye hajui. Anayejua ni mmoja tu, yule aliyekuwa juu siku ile. Kazi ya namna hii, ambayo mteja hana uwezo wa kuiona wala kuipima, ndiyo hasa inayohitaji jicho la serikali. Kinyozi akiharibu, utaona kwenye kioo na kesho humrudii. Fundi wa paa akiharibu, utaona baada ya miaka sita, saa nane ya usiku.

Tarehe 3 Machi 2015, usiku, mvua ya mawe na upepo vilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Walikufa watu zaidi ya 40. Mamia ya familia walibaki bila makazi. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo, na sitasema kwamba cheti cha fundi kingeizuia mvua ile. Nitakuwa sina heshima kwa waliozika watu wao. Lakini tangu wakati ule, kila masika na kila vuli ninaposoma taarifa ya shule iliyoezuliwa paa, wanafunzi wakihamishiwa chini ya mwembe, nasoma mpaka mwisho nikitafuta sentensi moja tu: nani alipaua? Sijawahi kuikuta. Taarifa husema upepo mkali umeezua paa. Upepo unatajwa, fundi hatajwi. Na majengo ya jirani, yaliyopigwa na upepo ule ule na yakasimama, hayo nayo hayatajwi.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, jimbo la Florida, Marekani. Sababu ni kwamba kule jambo hili lilipimwa kwa namna ambayo hakuna mtu angependa kupimwa.

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga kilichoitwa Andrew kilitua karibu na mji wa Homestead, kusini mwa Miami. Katika eneo la Dade peke yake nyumba zaidi ya 25,000 ziliangamia, na nyingine zaidi ya 100,000 zikaharibika. Hasara ilipita dola bilioni 25. Kampuni kadhaa za bima zilifilisika.

Ukisikia hivyo utafikiri ni mahali palipokuwa hapana utaratibu. Hapana. Florida ilikuwa na sheria ya leseni kwa makandarasi wa paa. Kanuni ya ujenzi ya Florida Kusini ilikuwa inasifiwa kuwa miongoni mwa kanuni kali kuliko zote katika nchi ile. Leseni zipo, kanuni ipo, na mapaa yakaruka. Wahandisi walipopita kwenye vifusi wakaanza kuona mambo ambayo hayakuwa ya upepo. Mapaa yao huanza na tabaka la plaiwudi juu ya kenchi, kisha huja vigae. Wakakuta plaiwudi iliyoshikiliwa kwa pini za mashine, kama zile tunazobania karatasi ila kubwa, tena nyingine zimepigwa pembeni ya mbao, zimekosa kabisa. Wakakuta safu nzima za misumari zilizopita hewani, hazikugusa kenchi. Wakakuta kenchi za mwisho, zile za kwenye pembetatu ya ukuta, hazikukazwa kwa mbao za mlalo, zikaanguka moja juu ya nyingine kama watu waliopanga foleni wakasukumwa. Na mtaa huo huo, hatua chache, nyumba iliyopigiliwa sawasawa imesimama.

Wale mafundi walijificha wapi? Hawakujificha popote. Kilichokosekana ni mtu wa kupanda juu kuangalia kabla vigae havijafunika. Wakaguzi walikuwa wachache, nyumba zilijengwa kwa maelfu, na paa lilipitishwa kwa kutazamwa likiwa tayari limekwisha. Mkandarasi mwenye leseni ukutani alikuwa anawaachia vibarua kazi kwa kasi ya kutisha, na leseni haikuweza kuona misumari.

Somo hilo walilichukua kwa uchungu. Pini za mashine zikapigwa marufuku kwenye plaiwudi za mapaa. Maeneo ya Miami-Dade na jirani yake Broward yakawekewa masharti ya peke yake kwa sababu ya upepo mkali, na kifaa cha paa lazima kipimwe na kukubaliwa kwanza ndipo kitumike. Tarehe 1 Machi 2002 kanuni moja ya ujenzi ikaanza kutumika jimbo zima. Leo, anayetaka kubadilisha paa kule anachukua kibali kwanza, na mkaguzi anakuja kazi ikiwa inaendelea, kuangalia namna mambo yalivyofungwa kabla hayajafunikwa. Kufanya kazi ya ukandarasi bila leseni ni kosa la jinai. Ukilifanya wakati hali ya hatari imetangazwa, yaani pale watu wamepigwa na kimbunga na wewe unakuja kuwachuma, kosa linapanda daraja na unaweza kufungwa hadi miaka mitano. Bima nazo zikaingia: mkaguzi anaingia darini na kamera, anapiga picha misumari, anapima ni ya urefu gani na imeachana kwa nafasi gani, na kwa picha hizo mwenye nyumba anapunguziwa malipo. Hebu fikiria, msikilizaji, msumari uliofichika darini una thamani ya fedha kila mwaka.

Agosti 2004 kikaja kimbunga kingine kwenye jimbo hilo hilo, Charley. Nyumba zilizojengwa baada ya kanuni mpya zilistahimili vizuri kuliko za zamani, tena kwa tofauti iliyoonekana wazi.

Si kwamba Wamarekani wote wamekubaliana. Jimbo la Texas, lenye dhoruba za mvua ya mawe kila mwaka, halina leseni ya jimbo kwa kazi ya paa. Wateja wameachiwa wajilinde wenyewe. Jirani yao Oklahoma alitunga sheria ya usajili mwaka 2010, baada ya kuchoshwa na watu wanaofuata dhoruba kwa magari, wanachukua malipo ya awali kwa wazee, wanatoweka. Hapa naomba tutofautishe mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kusajili ni kusema: jina langu ni hili, napatikana hapa, nina bima hii, nikikosea nitafutwe. Kutoa leseni ni kusema: nimejaribiwa, na kazi naijua. La kwanza linamzuia anayetoroka. La pili linamzuia asiyejua. Yule fundi wa Kibaha, wallahi, sijui alikuwa yupi kati ya hao wawili. Huenda alikuwa mtu mwema kabisa ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbao mbichi husinyaa.

Kuna sauti nyingine naisikia, na ni ya haki. Inasema: mkianza kuwasajili mafundi, mtawanyang'anya mkate. Fundi wa kupaua ni kijana aliyejifunza kwa kubeba mbao za mwenzake. Hana cheti cha kidato cha nne, na hana elfu hamsini ya fomu. Mkiweka dirisha la usajili mjini, atakayelifikia ni mwenye gari, naye atachukua kazi kisha amlipe kijana yule yule nusu ya alichokuwa akipata. Na kila karatasi mpya ni nafasi mpya ya mtu kuomba chai.

Sina jibu la kuizima sauti hiyo, kwa sababu mengi inayosema nimeyaona kwa macho. Najua mafundi wenye mikono ya dhahabu wasioweza kusoma hata hilo bango la barabarani. Usajili ukiwa ni tozo tu iliyovikwa koti la usalama, ni bora usiwepo.

Lakini tazama umeme. Ukitaka kuingiziwa umeme nyumbani, hutaletewa waya mpaka mkandarasi wa umeme aliyepewa leseni na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, aweke muhuri kwamba mfumo wa ndani uko salama. Vishoka, wale mafundi wa umeme wasio na leseni, wapo, kila mtu anawajua, na mihuri mingine inagongwa bila mtu kufika. Hata hivyo lango lipo. Kuna siku moja, kabla nyumba haijawaka taa, ambapo jina la mtu anayeulizika linaandikwa kwenye karatasi. Paa, kwa nyumba zetu nyingi, halina siku hiyo. Unapaua, unahamia. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini waya unaoweza kuua una lango, na kenchi nzito iliyo juu ya kitanda cha mtoto haina.

Nikiulizwa, ningeanza na siku hiyo. Siku moja kati ya kupigilia bati na kupiga dari, ambapo mtu wa halmashauri anafika, anapanda ngazi, anatazama vitu vitano visivyohitaji mashine: mbao zimekauka na kutiwa dawa? Kenchi zimefungwa ukutani kwa chuma? Papi za ukingoni zimesogezwa karibu karibu? Misumari imepigwa mgongoni mwa wimbi la bati, au bondeni maji yanapopita? Ncha zake zimeingia mbao au zimetoka pembeni? Nusu saa inatosha. Kibali cha ujenzi tayari tunakilipia. Mkaguzi huyu awe sehemu ya kile tulichokwisha kulipia.

Daftari la mafundi likae kata, pale kwa mtendaji, ambako mama mdogo anaweza kwenda kwa miguu. Jina, picha, namba, kazi tatu za mwisho na mahali zilipo. Bure, au kwa bei ya kilo ya sukari. Kwa upande wa ujuzi, tayari tuna mlango mmoja mzuri ambao tunautumia kidogo mno. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, kwa nyundo yake mwenyewe, anaelekezwa pale anapopungukiwa, na kupewa cheti. Hahitaji kukaa darasani miaka miwili. Hilo ndilo jibu la kijana asiye na kidato cha nne, na lipo, lina watu na majengo. Kinachokosekana ni sababu ya kijana huyo kulifuata, kwa sababu kazi anapata hata bila hicho cheti.

Na hapo inabidi tujitazame sisi wateja. Tunaulizia bati wiki nzima: rangi gani, geji gani, kampuni gani, linang'aa vipi. Tunazunguka maduka sita. Kisha tunamuuliza muuza duka, "Una fundi hapo?" Anaita kijana aliyekaa kwenye mifuko ya saruji. Kwisha. Tumekabidhi nyumba.

Mama mdogo amepaua upya. Safari hii nilizunguka mimi, nikawapata majirani watatu waliopauliwa na mzee mmoja wa Mlandizi, nikapanda kwenye dari zao na tochi, wakanishangaa. Mzee alikuja na uzi, timazi, na penseli sikioni. Siku ya kwanza hakupigilia msumari hata mmoja. Alipanga mbao juani, akazigeuza geuza, akazichagua kwa kuzinyanyua na kuzigonga kwa kifundo cha kidole, akizisikiliza. Mbao nane akazitenga, akasema hizi zirudi dukani, bado zinalia maji. Mwenye duka alikasirika. Zikarudi.

Siku ya nne, kabla ya kufunika upande wa jikoni, alitoa penseli sikioni akaandika kwenye kenchi ya kati: jina lake kamili, namba ya simu, na tarehe. Nikamuuliza kama hufanya hivyo kila mahali. Akasema ndiyo, tangu ujana wake, mwalimu wake alimfundisha hivyo, ili fundi atakayefungua baadaye ajue pa kuuliza.

Jioni, wakati saidia fundi anakusanya vipande vya mbao, nilimdokeza kuhusu VETA na urasimishaji wa ujuzi, nikidhani namletea habari mpya. Akacheka kidogo, akafungua sanduku la vifaa. Chini kabisa, chini ya randa na misumeno, kulikuwa na bahasha ya plastiki. Alishapimwa miaka minne iliyopita, akafaulu. Cheti kimekunjwa mara moja tu, katikati, hakina doa.

Nikamuuliza kimemsaidia vipi. Akasema tangu akipate hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwomba akione.

Nikamwomba anioneshe. Akapangusa mikono kwenye suruali kwanza, ndipo akakitoa.